SOMO LA TAWI: Daftari la Wanachama katika Kompyuta Kuukuu



Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi huwaachia mafundi: namna ya kupeleka programu ya daftari la wanachama kwenye matawi ambayo kompyuta zake ni za zamani. Tumeliweka katika ukurasa wa masomo, wala si katika ukurasa wa matangazo, kwa sababu ni jambo la chama chenyewe. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi, polepole, na fundi wa tawi kama yupo akae karibu.

Kila mwezi mwajiri hukata ada katika mshahara wa mwanachama na kuipeleka kwa chama. Pamoja na fedha hizo huja orodha: huyu amekatwa kiasi hiki, yule kiasi kile. Nani anaithibitisha orodha hiyo? Tawi lenye daftari lake hulinganisha jina kwa jina. Huona kwamba watu waliojiunga mwezi uliopita hawamo, au kwamba mwanachama amekatwa lakini fedha yake haikufika. Tawi ambalo daftari lake limo ndani ya kompyuta isiyoweza kulifungua halina la kulinganisha. Litaipokea orodha ya mwajiri kama ilivyo, na litahesabu wanachama wake kwa hesabu ya mwajiri. Siku mfanyakazi akifukuzwa kazi na mwajiri akasema kwamba huyu hakuwa mwanachama, katibu wa tawi hatakuwa na karatasi ya kuweka mezani.

Ndiyo maana tunasema kwamba kipimo cha programu ya chama si kompyuta ya makao makuu. Kipimo ni kompyuta dhaifu kuliko zote, katika tawi lililo mbali kuliko yote. Programu ikifanya kazi pale, itafanya kazi kila mahali.

KWANZA HESABU MASHINE ZILIZOPO

Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta mpya mjini hawezi kukisia hali ya tawi. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, makao makuu hayana budi kujua matawi yana nini. Karani wa tawi anaweza kujibu mwenyewe. Abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na kile kilichoandikwa Pause. Katika Windows XP na Windows 7 utafunguka ukurasa wa maelezo ya mashine. Hapo ataandika katika karatasi ni Windows gani, kumbukumbu ni kiasi gani, na kama mashine ni ya biti 32 au 64. Aongeze nafasi iliyobaki katika diski, toleo la Microsoft Office kama lipo, na upana wa kioo.

Tarehe za kukumbuka ni hizi. Windows XP ilitolewa mwaka 2001, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitolewa mwaka 2009, ikaachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilitolewa mwaka 2015, na huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuachwa maana yake si kwamba kompyuta inazimika. Inaendelea kufanya kazi kama jana, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena.

Jambo hili la mwisho linawagusa hata wale wanaodhani kompyuta zao si za zamani. Windows 11 inadai chembe ya usalama iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Kompyuta iliyonunuliwa mpya mwaka 2015, na ambayo haina kasoro hata moja, inaweza kukataliwa. Basi kundi la kompyuta kuukuu halipungui. Linaongezeka kwa tangazo la kampuni moja.

Wako wanaosema: nunueni kompyuta mpya kwa matawi yote, maneno yaishe. Wauzaji hupenda sana jibu hili. Sisi hatupingi kompyuta mpya pale fedha inapopatikana. Lakini ada ni jasho la mwanachama, na kabla ya kuitumia yafaa kuuliza kama kazi iliyopo inadai mashine mpya kweli. Daftari la wanachama elfu tatu, lenye majina, namba, mahali pa kazi na stakabadhi za ada, ni kazi nyepesi hata kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 1. Kinachoilemea mashine hiyo si majina ya wafanyakazi. Ni mapambo na vikorombwezo ambavyo mwandishi wa programu amevifunga juu ya majina hayo.

SAA ILIYOSIMAMA

Tunataka tukae kidogo juu ya jambo dogo ambalo vitabu vya programu havilitaji sana, kwa kuwa waandishi wake wana kompyuta mpya.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, ya volti 3. Mara nyingi imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa ya kompyuta iendelee kwenda wakati umeme haupo. Baada ya miaka betri hiyo hufa. Tangu hapo, kila umeme unapokatika na kompyuta kuwashwa tena, saa hurudi kwenye tarehe ya kale iliyowekwa kiwandani, pengine miaka mingi iliyopita.

Sasa fikirini karani aliyewasha mashine hiyo asubuhi na kuanza kuingiza stakabadhi za ada. Programu, kama zilivyo programu nyingi, inajiandikia tarehe ya leo kutoka katika saa ya kompyuta. Ada ya mwezi huu inaandikwa kuwa ni ya mwaka 2009. Jioni hakuna anayeona kosa. Mwishoni mwa mwaka ripoti inachapishwa ya wanachama waliolipa ada zote, ambao ndio wenye haki ya kupiga kura, na wanachama arobaini waliolipa kila mwezi hawamo. Watasema chama kimewaibia, na hatuwezi kuwalaumu.

Dawa ni mbili, na zote zatakiwa. Kwanza betri ibadilishwe; ni kitu cha bei ndogo, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Pili, programu yenyewe isiiamini saa. Inapofunguliwa, itazame tarehe ya stakabadhi ya mwisho iliyomo. Kama saa ya kompyuta inaonyesha tarehe iliyo nyuma ya hiyo, programu ikatae kupokea ada na imwambie karani kwa Kiswahili wazi: "Tarehe ya kompyuta si sahihi. Irekebishe kwanza." Mistari mitano ya programu inatosha kwa ulinzi huu.

Tukiwa bado kwenye tarehe, tutaje na mpangilio wake. Kompyuta iliyokuja kama msaada kutoka Marekani huenda bado imepangwa kuandika mwezi kabla ya siku. Katika mashine hiyo 03/04 ni tarehe 4 Machi. Katika mashine ya jirani ni tarehe 3 Aprili. Programu nzuri huuandika mwezi kwa jina.

DAFTARI NA DIRISHA

Vyama vingi vidogo huandika daftari lao kwa Microsoft Access, programu ya hifadhidata iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992. Tutaichukua kuwa mfano, kwa sababu mtu asiye fundi mkubwa anaweza kujifunza kuitumia na kujenga kitu cha kufaa. Faili lake moja haliwezi kuzidi GB 2, nafasi ambayo ni kubwa kupita kiasi kwa daftari la tawi, mradi picha za wanachama zisitiwe humo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ndani ya programu ya namna hii mna vitu viwili tofauti. Kuna majedwali, yaani daftari lenyewe: majina, namba, ada. Na kuna fomu, ripoti na maagizo, ambavyo ni kama dirisha la ofisi ambalo karani hulitumia kusoma na kuandika katika daftari. Anayeanza huviweka vyote katika faili moja. Kosa lake huonekana siku ya kupeleka toleo jipya. Makao makuu yamerekebisha ripoti, yanapeleka faili jipya, karani analinakili juu ya lile la zamani, na ada za miezi sita zinafutika, maana daftari lilikuwa humo humo.

Basi vigawanywe. Faili la majedwali likae katika tawi, wala lisiguswe na mtu wa makao makuu. Faili la dirisha ndilo linalosafiri. Likiharibika au likirekebishwa, huletwa jingine na kuunganishwa na majedwali yale yale. Access yenyewe ina kitufe cha kufanya mgawanyo huu. Kama tawi lina kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya, kila moja iwe na nakala yake ya dirisha, na daftari likae katika moja wapo.

Tunasema kwa waya, na tunasisitiza. Daftari la Access haliupendi mtandao wa hewani. Mawimbi yakikatika nusu dakika katikati ya kuandika, faili laweza kuharibika. Vivyo hivyo kulifungua daftari moja kwa moja kutoka katika flashi, kisha mtu akaichomoa flashi kwa haraka kwa sababu basi linaondoka. Flashi ni ya kubebea nakala. Nyumba ya daftari ni diski ya kompyuta.

TOLEO GANI?

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Fundi wa makao makuu hujenga kwa Access mpya aliyo nayo, huona inafanya kazi, huituma, na tawi huona ujumbe wa Kiingereza kwamba faili halitambuliki.

Access hadi toleo la 2003 iliweka kazi yake katika mafaili yenye mwisho wa mdb. Toleo la 2007 lilileta aina mpya yenye mwisho wa accdb, ambayo matoleo ya nyuma hayaijui. Access 2010 ndiyo ya mwisho inayokubali Windows XP, nayo yataka XP iliyokwisha kupata nyongeza ya tatu ya marekebisho. Access 2013 yataka walau Windows 7. Access 2019 yataka walau Windows 10. Zaidi ya hayo, baadhi ya aina mpya za safu za majedwali zikitumiwa, toleo la nyuma haliwezi kulifungua faili hilo, ingawa mwisho wake ni ule ule wa accdb.

Hukumu yetu ni rahisi: jengeni kwa toleo lile lile, au la nyuma zaidi, ambalo mashine dhaifu kuliko zote inaweza kulibeba. Kama tawi moja bado lina Windows XP, fundi ajenge kwa Access 2010. Programu iliyojengwa kwa toleo la zamani kwa kawaida hufunguka katika la mbele. Kinyume chake si hakika hata kidogo. Ikiwa mnalo daftari la zamani sana la Access 97, lihamisheni mapema kwa kutumia Access 2003, 2007 au 2010, kwa sababu Access 2013 na zinazofuata haziwezi kulifungua.

Na leseni je? Tawi halilazimiki kununua Access nzima. Tangu toleo la 2007 Microsoft hutoa bila malipo kifurushi kiitwacho Access Runtime, ambacho huweza kuiendesha programu iliyojengwa lakini hakiwezi kuibadilisha. Ni kama mtu anayesoma gazeti bila kuwa na kiwanda cha kupigia chapa. Kinamtosha karani. Lakini kina tabia zake, na mwandishi wa programu asiyezijua atalitesa tawi.

Tabia ya kwanza ni ukali. Katika Access kamili, kosa likitokea, huonekana ujumbe na kazi huweza kuendelea. Katika Runtime, kosa ambalo mwandishi hakuliandalia njia huifunga programu nzima papo hapo, na karani hubaki akikitazama kioo kitupu. Kwa hiyo kila agizo liwe na njia ya kupokea kosa na kulieleza kwa Kiswahili. Fundi anaweza kujaribu jambo hili bila kutoka ofisini: alibadilishe jina faili lake, mwisho wa accdb uwe accdr, nalo litafunguka kana kwamba liko katika Runtime.

Tabia ya pili ni ile ya biti. Tangu mwaka 2010 Access ina sura mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Fundi akilifunga faili lake ili lisichokolewe, akalifanya kuwa accde katika Access ya biti 64, halitafunguka katika Access ya biti 32, wala la biti 32 halitafunguka katika ya 64. Kompyuta kuukuu nyingi ni za biti 32, na hata kompyuta ya biti 64 inaweza kuipokea Access ya biti 32. Chagueni 32 kwa wote. Ila mtazame kama mashine tayari ina Office ya biti 64, maana hizo mbili kwa kawaida hazikubali kukaa nyumba moja.

La tatu si la Runtime peke yake. Programu nyingine huomba msaada kwa majirani: hutuma ripoti kwa Excel, barua kwa Outlook. Fundi akiifungamanisha programu na Excel ya toleo lake, na tawi likawa halina Excel hiyo, hata maagizo madogo yasiyohusika, kama lile la kusoma tarehe ya leo, huweza kugoma. Inayoweza kujitegemea na ijitegemee. Orodha ipelekwe katika faili la maandishi matupu, ambalo kila kompyuta iliyoundwa miaka arobaini iliyopita au jana inaweza kulisoma.

Mwisho kuna mambo ya kioo, tuyapite upesi. Mwandiko wa Calibri ulikuja na Windows Vista na Office 2007, haumo katika XP tupu, na usipokuwapo maneno hukatika pembeni. Tumieni Arial au Tahoma. Fomu ienee katika kioo cha nukta 1024 kwa 768. Nembo ya chama iwe ndogo. Na orodha ya wanachama wote isifunguke yenyewe asubuhi. Karani aandike namba au mwanzo wa jina, programu ilete yule mmoja tu.

NAMBA ZINAZOGONGANA

Matawi mengi yakiwa na daftari moja moja, itafika siku makao makuu yatataka jumla. Wengi hufikiri ni kazi ya kunakili tu. Lakini kama programu katika kila tawi hujitolea namba ya mwanachama kuanzia 1, basi kila tawi lina mwanachama namba 57. Yakikutanishwa, nani ni nani? Stakabadhi za mama mmoja wa shamba la chai zinaweza kuangukia katika jina la dereva wa mjini.

Lazima namba ianze na alama ya tawi, tena tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuibadilisha baadaye baada ya kadi kuchapishwa ni taabu isiyo kifani. Kila mwezi tawi litoe faili dogo la maandishi lenye stakabadhi mpya peke yake, liende kwa flashi au kwa simu, na makao makuu yaliongeze katika daftari kuu. Safari iwe ya upande mmoja. Makao makuu yakiona kosa, yaliandikie tawi lisahihishe. Yasisahihishe yenyewe kwa siri katika nakala yao, ama sivyo baada ya mwaka kutakuwa na madaftari mawili yasiyopatana, na mwajiri atachagua linalompendeza.

ORODHA HII NI SIRI

Tumesema Windows iliyoachwa haizibwi matundu. Basi kompyuta ya daftari isiunganishwe na intaneti kabisa. Kama tawi lina simu au kompyuta nyingine ya barua, hiyo ndiyo iende mtandaoni. Flashi ipimwe virusi katika mashine mpya zaidi kabla ya kuingizwa katika ile kuukuu, na Windows XP izuiwe kuendesha yenyewe kilichomo katika flashi, maana ndiyo njia ambayo virusi vingi vimeitumia.

Kwa nini ukali huu? Kwa sababu orodha ya wanachama wa chama cha wafanyakazi, ikiangukia mikononi mwa mwajiri mbaya, ni orodha ya watu wa kufukuzwa. Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unamlinda mfanyakazi asibaguliwe kwa ajili ya uanachama wake. Uganda na Kenya zilipata sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinavihusu pia vyama vinavyotunza taarifa za wanachama wao. Nywila ya faili la mdb huvunjwa kwa urahisi na mtu yeyote mwenye nia. Ya accdb, ambayo hulifunga faili kwa maandishi ya siri, ni imara zaidi, na hiyo peke yake ni sababu ya kuhama kutoka mdb.

NJIA NYINGINE

Msidhani Access ndiyo njia pekee. Kuna SQLite, hifadhidata iliyotolewa mwaka 2000, ambayo haina mwenye leseni: ni mali ya umma. Daftari lake lote ni faili moja, na muundo wa faili hilo haujavunjwa tangu toleo la tatu la mwaka 2004. Waliolitengeneza wameahidi kulitunza mpaka mwaka 2050. Fundi anayeijua lugha ya Pascal anaweza kwa Lazarus, ambayo nayo ni ya bure, kujenga programu ndogo inayonakiliwa tu katika folda na kufunguka, bila kuweka kitu kingine chochote katika mashine. Kwa chama chenye fundi wa namna hiyo, sisi tungeipendelea njia hii. Taabu ni kwamba fundi akiondoka, ni vigumu zaidi kumpata wa kushika nafasi yake.

LibreOffice ina sehemu yake ya hifadhidata iitwayo Base. Ni ya bure, lakini toleo la 5.4 ndilo la mwisho kukubali Windows XP, na daftari lake la kawaida linahitaji Java iwepo, mzigo usio mdogo kwa mashine ya GB 1.

Vijana hutuuliza kwa nini tusiweke kila kitu katika intaneti, kila mtu afungue kwa simu. Kwa tawi la mjini lenye mtandao wa uhakika ni wazo zuri. Lakini halijibu swali la kompyuta kuukuu. Chrome iliacha kuihudumia Windows XP mwaka 2016, na Firefox mwaka 2018. Tovuti nyingi za leo hazikubali hata kuzungumza na vivinjari hivyo vya zamani. Tena daftari likiwa mbali, siku mtandao ukizimwa au salio likiisha, tawi halina daftari.

SAFARI YENYEWE

Programu ikiwa tayari, isitumwe kwa matawi yote siku moja. Ipelekwe kwanza kwa tawi lenye mashine mbovu kuliko zote, na aliyeiandika aende nayo, akae nyuma ya karani, afunge mdomo na kutazama. Karani akisita mbele ya kitufe, kitufe ndicho chenye kasoro. Baada ya mwezi mzima wa ada na ripoti moja iliyochapishwa, matawi mengine yafuate.

Kifurushi kiwe folda moja: faili la Runtime, dirisha, daftari tupu, na karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili, iliyochapwa kwa herufi kubwa, maana maelezo yaliyo ndani ya kompyuta hayasomeki kompyuta ikigoma. Namba ya toleo ionekane katika ukurasa wa kwanza wa programu, ili katibu akipiga simu aulizwe, "Unaona namba gani juu pale?" na jibu lijulikane. Faili la Runtime la toleo la zamani litunzwe na makao makuu katika diski mbili tofauti. Kampuni iliyokwisha kuacha kulihudumia toleo haina deni la kuendelea kulitoa, na kulitafuta kwa watu wasiojulikana ni kuleta virusi nyumbani.

Kila Ijumaa karani anakili daftari katika flashi mbili. Moja inakaa ofisini, moja inakwenda nyumbani kwa mweka hazina. Kila mwisho wa mwezi orodha ichapishwe katika karatasi, itiwe sahihi na katibu na mweka hazina, na kufungiwa kabatini. Umeme ukikatika wiki nzima, karatasi bado inasomeka. Na ndiyo itakayokwenda mbele ya mwajiri.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kifanye yafuatayo. Kifungue kompyuta ya tawi, kiandike aina ya Windows, kumbukumbu na biti, kisha kiizime, kichomoe waya wa umeme kwa saa moja, kiiwashe tena na kutazama tarehe. Kichukue orodha ya makato ya mwezi uliopita iliyotoka kwa mwajiri na kuilinganisha na daftari la tawi, jina kwa jina, hata kama daftari hilo ni la karatasi, na kuandika ni majina mangapi hayakupatana na kwa nini. Majibu ya yote mawili yaletwe kwa katibu wa elimu katika karatasi moja. Swali la kujadili: katika tawi lenu, kama kompyuta ingekufa usiku huu, kesho asubuhi ni nani angeweza kuthibitisha kwamba ninyi ni wanachama?